Mzee Aliyeagiza Ufa

Watu huja karakanani kwangu niwazibie nyufa. Tangi la maji limepasuka, rejeta inavuja, geti la kanisa limeachia kwenye bawaba: peleka kwa fundi, fundi atachomelea. Nimeziba nyufa za Same nzima, na sisemi hivi kujisifu, ingawa nikijisifu nani atanikatalia? Niliishia darasa la saba, tena kwa kusukumwa. Nilianza kwa kuwashikilia wenzangu vyuma huku wao wakichomelea. Leo karakana ni yangu, malori ni yangu, na ile nyumba ya wageni ya vigae vyekundu pale barabarani, ukiulizia utaambiwa ya nani. Basi katika maisha yangu yote ya ufundi, ni mtu mmoja tu aliyewahi kuja kuniagiza ufa.

"Ufa gani, mzee?" nilimuuliza.

"Ufa tu. Mwembamba. Wewe usiuone, mwanga uuone."

Alikuwa amesimama mlangoni na koti zito la milimani, katika jua lile la Same ambalo hata mbuzi hulikimbia. Mafundi wangu wakaangua kicheko. Mmoja akamwambia, "Mzee, ukitaka ufa kanunue geti kwa jirani yetu, unapewa na ufa juu yake." Hakucheka. Akatoa mfukoni nyembe mbili zilizofungwa kwenye karatasi, akaziweka mezani makali kwa makali. "Zitazamane," akasema, "ila zisigusane."

Nikamtengenezea. Fremu ya chuma, skrubu ndogo ya kusogeza wembe mmoja, yote kwa mkono wangu. Nilipomwinulia kwenye mwanga alitazama kwa muda, kisha akasema neno ambalo hata mteja wa geti kubwa hajawahi kuniambia: "Nilifanya kazi na mafundi wa nchi za watu. Huu ni ufa." Hilo nimelibeba hadi leo.

Watu walimwita Profesa. Kazaliwa na nani, ukoo upi, hayo sitayasema. Wapo wenye kazi hiyo, na msibani huyasema mpaka chakula kinapoa. Mimi nasema niliyoyaona. Alikuwa mtaalamu wa nyota. Alikaa ughaibuni miaka mingi, kwenye madarubini makubwa yaliyojengwa juu ya milima, kisha akarudi milima ya kwao, juu ya Mhezi, akakaa na dada yake.

"Wenzangu wanatafuta nyota iko wapi," aliniambia. "Mimi natafuta imetengenezwa na nini. Naupasua mwanga wake."

"Kama kuni?"

"Kama kuni. Ukipasua, ndani unakuta mistari."

Ukisikia mtaalamu wa nyota, unadhani ni mkeshaji. Profesa alilala na kuku. Jua likizama nyuma ya mgongo wa mlima, yeye keshakunywa chai ya tangawizi ya Myamba na kujifunika. Nilipomtania kwa hilo alisema, "Jua nalo ni nyota, Fundi. Tena ndiyo pekee inayokuja mpaka mlangoni bila kuitwa." Kazi yake aliifanya mchana kweupe, na labda ndiyo sababu iliwatisha watu zaidi. Giza la usiku tumelizoea. Giza la saa sita mchana ni la kutengeneza, na huyu alilitengeneza.

Alikuwa na kibanda cha mawe nyuma ya migomba. Hakina dirisha. Mlango wa mbao, na kila upenyo umezibwa kwa matambara. Ule ufa wangu aliujengea ukutani, na nje aliweka kioo cha kujitazamia juu ya kigoda, cha kulirusha jua liingie pale kwenye ufa. Ndani kulikuwa na lenzi na kipande cha kioo cha pembe tatu alichokuja nacho. Unatoka kwenye mwangaza, unaingia kwenye weusi kama kaburi, halafu kwenye ukuta uliopakwa chokaa unaona ukanda wa rangi: nyekundu, machungwa, njano, kijani, buluu, zambarau. Mpaka hapo ni upinde wa mvua, mtoto yeyote anaujua. Lakini ukikazia macho, ndani ya zile rangi kuna mistari myeusi imesimama wima. Mingi. Imesimama kimya, kama watu wanaosubiri nyuma ya uzio wakijua umewaona.

Mimi si mwoga. Nimewahi kulala chini ya lori nyika ya Mkomazi na simba ananguruma. Siku ile nywele zilinisimama.

Profesa alitembeza kidole mbele ya mistari bila kuigusa. "Huyu ni chumvi. Huyu chuma. Huyu chuma tena. Hawa wawili wakubwa mwisho wa zambarau, kama jicho lako linafika, ni chokaa. Chokaa ya jua inaangukia chokaa ya ukuta."

Nina darasa la saba, lakini ngeli nazijua. Nikamwambia, "Profesa, mstari ni *huu*. *Huyu* ni mtu."

"Ni *huu* ukiuchora wewe," akanijibu. "Hawa nimewakuta."

Ndivyo alivyosema siku zote: huyu, yule, hawa. Kwa mtu aliyesoma vile, uongo angeweza kuuficha katika Kiingereza. Yeye aliyasema kwa Kiswahili cha mama zetu, na ndiyo maana yaliingia mwilini.

Alinionyesha wengine upande wa nyekundu, weusi waliojipanga kwa karibu. "Hawa si wa jua. Hawa ni wa hapa. Ni hewa iliyo kati yetu na jua. Ni pumzi, Fundi: yako, ya ng'ombe wa Wamasai kule chini, na ya wote waliokwisha kuvuta wakaachia." Halafu nikamsikia akishusha pumzi taratibu kuelekea ukutani, akasogeza uso kutazama.

"Imeongezeka?" nikauliza kwa utani.

"Bado ni ndogo," akasema. Yeye hakuwa na utani.

Mfukoni alitembea na kibomba kifupi chenye kazi ile ile ya kuupasua mwanga, na hakuna mwanga uliopita bila kutazamwa. Mshumaa wa kanisani, taa ya pikipiki, cheche za karakana yangu. Siku moja tulikuwa msibani Myamba, masufuria ya makande yamebandikwa, kinamama wanachochea. Profesa akachutama, akaweka kibomba jichoni, akauangalia moto. "Kuna shaba humu," akasema. Kinamama wakaacha kuchochea. Shaba motoni imetoka wapi? Wazee wakafuatilia, maana Wapare na kufuatilia jambo unatujua: kuni zile zilikuwa makasha ya zamani ya ghala la kahawa, yaliyohifadhi mrututu, ile dawa ya shaba ya kupulizia mibuni. Jibu likapatikana, lakini haikusaidia. Tangu siku hiyo, akipita njiani, mwanamke aliyekuwa anawasha jiko aliacha kwanza. Walisema anasoma moto. Mmoja akamwuliza dada yake, "Hivi ndugu yako akiliangalia jiko langu ataona nini?"

"Ataona umeunguza," dada mtu akamjibu.

Huyo dada ni wa kusimuliwa peke yake. Mfupi, mkavu, mzee wa kanisa, mkubwa kwa Profesa, na hakujali dunia ilimwita nani. Kwake alikuwa mtoto. "Wewe mtoto, umekula?" Na kweli mara nyingi hakuwa amekula. Mtu anajua kilichomo ndani ya jua na hajui kilichomo ndani ya tumbo lake. Nikifika na gari langu, nikimwamkia, yule mama huitikia, "Marahaba, baba. Umekuja kumchochea tena?"

Profesa mwenyewe alikuwa mambo mawili kwa wakati mmoja. Aliwacheka wanaopiga chungu kulaani wezi. Alisema udongo uliochomwa hauna masikio. Lakini nilitembea naye kutoka ndivani, lile bwawa letu la kumwagilia, tukakuta vigae vya chungu kilichovunjwa katikati ya njia. Akaacha njia, akazunguka kupitia migombani, akachafua suruali.

"Ala! Profesa, si ulisema huogopi?"

"Siogopi chungu," akasema. "Naogopa aliyekivunja."

Sasa nifike pale ambapo mambo yalianza kuwa mazito. Alishuka Same siku moja akanikuta na macho mekundu. Nilikuwa nimechomelea bila kinga, ujeuri tu, na fundi yeyote anajua malipo yake: jioni macho yanakuwa kama yamejazwa mchanga. Akaniuliza, "Mwanga uliokuumiza uliuona?"

"Niliuona. Mweupe, unapofua."

"Huo hukuumiza. Uliokuumiza hukuuona. Uko ng'ambo ya zambarau."

Akakaa kwenye benchi langu, akaniambia jambo ambalo nadhani hakuwaambia wengi. Maisha yake yote ya kazi yalikuwa huko ng'ambo ya zambarau, ambako nyota zimejaa chuma. Lakini hakuwahi kuona hata mstari mmoja wa huko kwa jicho lake. Mashine ziliona, zikachora, yeye akasoma mchoro. "Ni kama kuoa kwa barua, Fundi. Mwandiko wa mke unaujua, maneno yake unayajua, uso hujawahi kuuona. Na mimi nimezeeka."

"Kwa nini usiuone?"

"Jicho lina kioo chake ndani. Kioo hicho kinauzuia." Akaangalia barabarani. "Lakini kinaweza kutolewa."

Sikumwelewa. Nilimwelewa pale mtoto wa jicho alipomfunika macho yote mawili na dada yake akafurahi kwamba, baada ya kubishana sana, amekubali kupasuliwa. Niliwapeleka hospitali mimi, kwa gari langu, kiyoyozi kinafanya kazi. Jicho la kulia aliwaacha wamtoe ukungu na kumwekea lenzi ya bandia kama wanavyowekewa watu wote. La kushoto akamwambia daktari, "Hili toa, usiweke kitu."

Daktari akashangaa. "Mzee, utakuwa unaona ukungu tu."

"Nimezaliwa Mhezi, daktari. Ukungu naujua."

Dada yake alikuja kujua wakati tunarudi, tuko tambarare, milima imeanza kuonekana. "Simamisha gari," akaniambia. Akashuka, akasimama kwenye vumbi, ng'ombe wa Kimasai wanapita pembeni yake, akampigia kelele ndugu yake dirishani. "Umetupa jicho! Jicho ulilopewa na Mungu umelitupa kwenye ndoo ya hospitali!"

"Sikulitupa, dada," Profesa akasema kutoka kiti cha nyuma. "Nimelifungua."

Ndipo zikaanza zile alama. Ukutani, pale zambarau inapokwisha na mimi na wewe tunaona weusi mtupu, Profesa alianza kuweka alama za mkaa. Chache kwanza, kisha nyingi, zinasogea kuelekea pembeni. Jicho la kulia alilifunika kwa kitambaa, akatazama kwa la kushoto, mchana baada ya mchana. Alitoka na jicho linachuruzika, hasemi. Au anasema yasiyoeleweka: "Leo wamesimama vizuri." "Yule wa tatu ana mwenzake."

Na jambo jingine, hili nililiona mwenyewe. Alikuwa akifika kwenye mlango wa kibanda chake, kibanda kitupu, chake mwenyewe, anapiga hodi. Anasubiri. Kisha ndipo anaingia.

"Profesa, nani anakukaribisha?"

"Hakuna," akasema. "Ndiyo maana nasubiri."

Maneno yakaenda mlima wote. Mzee ameingiwa na wazimu. Mzee anaongea na ukuta. Wengine, wa kale zaidi, hawakusema wazimu. Walisema anawaona, na anayewaona huwaita. Watoto wakakatazwa kupita nyuma ya migomba. Ukoo ukakaa kikao, na Mpare akikaa kikao hasimami bila hukumu. Hukumu ikawa hii: kibanda kifungwe, kioo kile kiondolewe, na mzee ashushwe Dar akakae kwa mpwa wake, kwenye nyumba yenye mwanga na watu. Wakamwachia dada yake kazi ya kukifunga.

Nilijua, na dada yake alijua, kwamba hilo lingemuua Profesa. Si kwa maneno. Tulijua tu, kama fundi anavyojua chuma kitakachokatika.

Yule mama akanipigia simu Jumapili. "Njoo. Wewe ndiye uliyemtengenezea huo ufa." Nikapanda moja kwa moja kutoka ibadani. Nilimkuta amesimama kando ya kibanda, naye katoka kanisani, kitambaa cheupe cha kinamama kichwani, mkononi kashika kufuli jipya. Ukungu ulikuwa umeinuka, jua limetulia juu ya kile kioo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sikiliza, baba. Yumo ndani. Wote waliokuja wamenipa habari zao, na wote nawajua ni waoga. Wewe una mdomo mkubwa lakini sijawahi kukushika na uongo. Ingia uangalie. Ukiniambia kuna kitu, nitawakabili ukoo mzima. Ukiniambia hakuna, nafunga leo hii. Usinifiche na usinipambie."

Nikaingia, nikavuta mlango nyuma yangu. Profesa alikuwa kwenye kigoda, ameupa uso ule upande wa giza. Rangi zilimpita begani.

"Fundi."

"Profesa. Dada yako kanituma."

"Najua. Unaona nini?"

Nikatazama. Nyekundu mpaka zambarau nikaona, na mistari yake. Mbele ya hapo, giza na mkaa. Nikakodoa mpaka machozi yakanitoka. Nilitaka kuona, nisikudanganye. Kama kutaka kungekuwa kuona, ningeona mpaka Tanga.

"Sioni kitu, Profesa."

Hakunisihi. Akasema taratibu, "Sogea ukutani. Upande wa giza. Geuka unitazame mimi."

Miguu haikutaka. Naandika hivi kwa sababu hakuna mtu atakayeamini miguu yangu iligoma, basi aniamini mimi.

"Nimewaomba wote wasimame hapo," Profesa akasema. "Wanasimama mlangoni, wanasema hawaoni, wanaondoka."

Nikasogea. Nikapita kwenye nyekundu, kwenye kijani, nikapita zambarau, nikaingia kwenye giza, nikageuka.

Shati langu likawaka.

Lilikuwa shati langu jeupe la kanisani. Pale ambapo ukuta ulikuwa mweusi, kifua changu kiling'aa rangi ya maziwa yenye buluu, mwanga usiotoka popote. Na ndani ya mwanga ule, kutoka bega hadi bega, mistari myeusi imesimama. Nikageuza shingo kutazama ukuta. Kila alama ya mkaa juu ya bega langu ilikuwa na mstari wake chini yake. Nikasogea hatua moja. Shati likatembea, mistari ikabaki pale pale, ikapita juu ya vifungo vyangu kama mtu anavyopitisha mkono. Nikazuia pumzi.

"Pumua tu," Profesa akasema. "Hawaondoki. Ni sabuni ya unga iliyofulia shati lako, ina dawa inayougeuza mwanga huu ukaonekana. Wengi hapo kifuani ni chuma."

Nikaita, "Mama! Njoo!"

Mlango ukafunguka, mwangaza wa nje ukafifisha kila kitu. Yule mama akasimama kizingitini na kufuli lake, akanitazama, kisha akaingia akaurudishia mlango kidogo. Nikawaka tena. Akatazama kifua changu, akatazama mkaa, akatazama kifua. Alihesabu kwa midomo kama anayesali.

"Wewe mtoto," akamwambia ndugu yake, polepole sana. "Hawa ndio unaowaona?"

"Ndio, dada."

"Siku zote hizi?"

"Siku zote hizi."

Ilikuwa imebaki alama moja, mbali na nyingine, karibu kabisa na pembe ya ukuta. Mimi nikiwa mtu wa kumaliza kazi, nikasogea mpaka pale. Shati likazimika. Nikawa gizani mzima, siuoni hata mkono wangu.

"Profesa, na hapa?"

"Hapo hapapaswi kufika kitu. Kile kioo changu cha pembe tatu hakipitishi mwanga wa huko. Ninajua. Nimekitumia maisha yangu yote."

"Sasa mbona umeweka alama?"

"Kwa sababu yupo."

Kisha nikasikia hatua fupi za yule mama zikija upande wangu, na kitu kizito, cha baridi, kikatiwa kwenye kiganja changu. "Nishikie," akasema. Lilikuwa lile kufuli. Akarudi, akavuta mlango kwa nguvu mpaka ukakaza, yeye akiwa ndani, akachomeka matambara chini yake kwa mguu. Nikamsikia akifungua kitambaa chake kichwani, kile cheupe kilichofuliwa kwa sabuni kama shati langu. Akakitandaza kwa mikono yote miwili mbele ya ile alama ya mwisho, pembeni yangu kabisa, hata kiwiko chake kikanigusa ubavuni.

Kitambaa kilikuwa giza tupu. Mikono yake ilianza kuchoka, na hakukishusha.